Cherehani ya Saa Nne

Jumamosi, 20 Januari
Saa nne na robo asubuhi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tuko wima isipokuwa Baba, ambaye ametoka lindo alfajiri na sasa amelala kwa haki yake. Bibi anakusalimu na anataka kujua kama huko chuoni mnakula mkashiba. Mama naye anakusalimu, ila ana pini mdomoni, kwa hiyo salamu yake nimeisoma machoni.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ya Jumapili haifai kitu. Bibi anaishika kama redio, spika imefunguliwa mpaka mwisho, na kila aliye chumbani anajibu. Jumapili iliyopita uliuliza mtoto analalaje, Bibi akakueleza habari za mguu wake.

Mtoto wako hajambo. Ana miezi minane na siku nne. Siku hizi tunamwita Mkaguzi, maana akiamka huketi akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyetumwa na serikali kuja kuona tunafanya nini. Mimi hunitazama zaidi. Najikuta nanyoosha sketi.

Sasa jambo lenyewe. Ulipoondoka ulisema, "Mlaze mara mbili mchana, basi." Dada, hilo "basi" lako limenichukua wiki mbili. Nimechora ratiba kwenye karatasi ya Mama ya kukatia mitindo, nikaibandika nyuma ya mlango. Baba analala kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane, na kati ya kitanda chake na sisi kuna ubao tu. Jumatatu na Jumatano Bibi anakwenda zahanati kufungwa kidonda. Jumanne na Ijumaa Mama hutoka kwenda kupima watu sare. Mimi niko shule saa moja na nusu hadi saa nane na nusu. Kwa hiyo usingizi wa kwanza ni saa nne hadi saa tano na nusu, na usingizi wa pili ni saa tisa hadi saa kumi, nikiwa nimerudi. Mama akiwepo ni zamu ya Mama, asipokuwepo ni zamu ya Bibi. Kwenye karatasi inakaa vizuri sana. Mkaguzi bado hajaisoma.

Juu ya kila barua nitaandika saa, ili ujue kwamba wakati ule mwanao alikuwa amelala. Nawe uniandikie kwa sanduku la shule, nitachukua kwa karani.

Mdogo wako, ninayeandika kwa kunyata.


Jumapili, 4 Februari

Kamusi wangu,

Marahaba. Wasalimie wote, na Bibi mwambie tunashiba. Asiulize tunashiba nini.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama ni somo la wiki ijayo. Ni wewe tu katika ukoo mzima unayeweza kumchorea mtoto wa miezi minane ratiba yenye mistari ya rula.

Huku nimeanza na nta. Tunachonga jino kwa nta, kisha linatengenezewa plasta, kisha ndipo linakuwa jino la bandia la kweli. Juzi nimeshinda kutwa na jino moja la mbele. Mwalimu akaligeuzageuza kwenye taa, akaniuliza, "Hili la nani, mama? La punda?" Karakana nzima ikacheka. Nimelihifadhi, nitamletea Bibi.

Nalala tangu saa nne usiku hadi kengele ya saa kumi na mbili, bila kuamshwa na mtu. Naona hata haya kukuandikia.

Bweni letu ni la ghorofa mbili. Chini kuna chumba chenye pazia la manjano. Sipendi kupita upande ule, nazungukia nyuma, jikoni. Miezi minane iliyobaki si mingi. Nikimaliza nina cheti na nina kazi, na Mkaguzi atakuwa na mama anayeeleweka.

Mbusu kwenye kisogo. Pale tu.

Dada yako.


Jumanne, 13 Februari
Saa nne na nusu asubuhi

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Kidonda cha Bibi kinafunga, na jino la punda analisubiri kwa hamu, anasema ni bora kuliko yaliyobaki kinywani mwake. Mkaguzi ametoa la kwake moja, chini, upande wa kushoto. Amelijaribu kwenye kidole cha Baba.

Nimegundua kitu, nisamehe mwandiko, nitakueleza kwa nini una mawimbi.

Ratiba ilikuwa inashika siku tatu na kuvunjika siku mbili. Jumatatu analala, Jumatano analala, Alhamisi analala. Jumanne na Ijumaa anapiga kelele mpaka Baba anatoka chumbani na shuka mabegani, anasimama mlangoni, hasemi kitu, anarudi. Hiyo ni mbaya kuliko angesema. Ijumaa iliyopita Bibi alijaribu kumwimbia. Alipofika ubeti wa tatu Bibi akalala yeye.

Nikaweka alama kwenye ratiba kama tunavyofanya kwenye jaribio la sayansi. Tofauti ni moja tu: Jumanne na Ijumaa cherehani haipigi kelele, kwa sababu Mama hayupo. Unakumbuka alipozaliwa tulimlaza wapi? Kwenye kapu la vitambaa, chini ya meza ya cherehani, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Mama alipoisikia hoja yangu alisema, "Basi tumemfundisha wenyewe. Wenzetu watoto wao wanalala kwa kubembelezwa, wetu analala kwa kiwanda."

Leo nimetoa uzi, nimeinua sindano, nimeketi kwenye kiti cha Mama nikakanyaga bure. Cherehani inashona hewa. Dakika nne, Mkaguzi akafumba macho. Nikisimamisha mguu anafumbua. Basi nakanyaga tu, na kitabu kiko juu ya meza, na nimeshasoma kurasa kumi na mbili za bayolojia na sasa nakuandikia. Bibi hawezi kukanyaga kwa ule mguu.

Shuleni leo hakuna mengi.

Mdogo wako, mguu juu ya kanyagio.


Jumapili, 25 Februari

Kamusi,

Umetuchekesha huku. Nimesimulia karakana nzima. Sasa nikichelewa kuamka mwenzangu wa chumbani ananguruma kama cherehani, anasema ananibembeleza.

Lile jino moja la chini nimelichora kwenye daftari kwa kukisia. Ukipata nafasi nipimie upana wake kwa uzi, nami nitajua ukubwa wa kinywa chote. Ndivyo tunavyofundishwa.

Nilitaka kukuuliza kitu kuhusu shule lakini kengele ya chakula imelia.

Dada yako.


Alhamisi, 22 Machi
Saa tano kasorobo asubuhi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Barua yako nimeipata juzi Jumamosi. Jirani yangu wa dawati, yule tunayemwita Redio, ndiye aliyeniletea nyumbani. Alikuwa anapita tu.

Huku kuna habari njema. Mama amepata kazi kwenye karakana kubwa ya sare, mashine za umeme, wanawake sitini kwenye ukumbi mmoja. Anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Anasema kule huwezi hata kusikia mawazo yako, Mkaguzi angelala mwaka mzima. Cherehani yetu imebaki nyumbani na mimi nimekuwa fundi wake. Sishoni chochote, lakini magurudumu nayatia mafuta.

Nimepima jino kwa uzi. Uzi wenyewe nimeubandika hapa chini kwa gundi. Usiucheke udogo wake.

Sasa anatambaa. Anapenda kwenda nyuma ya mlango na kuivuta ratiba. Nimeihamisha juu mara mbili. Bibi anasema, "Mwacheni aichane, mwenye usingizi ni yeye." Baba naye amekonda kidogo lakini analala vizuri, na akilala vizuri hasinzii getini, na asiposinzia getini mkuu wake hana la kusema. Nafikiri sana juu ya hilo nikiwa nakanyaga. Nafikiri pia kwamba miguu ya mtu ikiwa na kazi yake, kichwa kinabaki huru kabisa. Nimemaliza kitabu cha bayolojia, nimerudi mwanzo.

Shule ni kama kawaida. Wewe hangaika na meno. Mama amesema nisikuandikie mambo ya kukuondolea utulivu, na kweli hakuna.

Mdogo wako.


Jumapili, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Hii ni barua fupi.

Nimezipanga barua zako zote kitandani. Jumamosi moja, ile ya kwanza, mwandiko umenyooka. Baadaye Jumanne, saa nne na nusu. Baadaye Alhamisi, saa tano kasorobo. Hizo mbili mwandiko una mawimbi kama mtu aliyeandika ndani ya gari. Barua yangu niliituma kwenye sanduku la shule, ikakufikia baada ya wiki tatu, tena kwa mkono wa mtu anayepita tu.

Kwenu Alhamisi saa tano kasorobo watu wako wapi?

Nijibu hilo peke yake. Salamu za Bibi ziweke pembeni.

Dada yako.


Jumanne, 24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Bibi hajambo. Baba hajambo. Umesema niziweke pembeni, lakini siwezi kuanza barua bila watu.

Leo sijaandika saa. Unajua kwa nini.

Ilianza kwa Jumanne na Ijumaa tu. Nilihesabu vipindi nitakavyovikosa, nikaona ni vile ninavyoviweza kwa kusoma mwenyewe. Kisha Mama akapata kazi, ikawa siku zote tano. Alisema, "Mpaka mwisho wa mwezi, tukae sawa." Mwisho wa mwezi ulipita, hakusema tena, nami sikumkumbusha. Jioni akirudi haniangalii, anauliza tu, "Amelala saa ngapi?" Namwambia, anaiandika kwenye ratiba kwa kalamu yake ya chaki ya kitambaa, halafu anakaa pale anaitazama kama risiti ya kitu alichonunua bila kupenda.

Dada, siumwi na sionewi. Hilo nataka uliamini. Mimi darasani ni yule asiyeinua mkono hata akijua jibu. Hapa nikiketi kwenye kile kiti kuna mtu mmoja ananihitaji, na miguu yangu inajua la kufanya. Kuna asubuhi nilisahau kabisa kwamba napaswa kuwa mahali pengine. Hilo ndilo limenitisha, zaidi ya vipindi.

Redio amekuja tena Jumamosi. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti yake ile, "Kamusi, mwalimu wa darasa kasema asiyekuwa dawatini wiki ya mwisho ya Mei, jina lake haliendi kwenye mtihani wa mwisho. Kasema haliendi, wala hatafuti mtu." Nikamwambia apunguze sauti, mtoto amelala. Akanitazama. Akasema, "Wewe umelala."

Nakuomba kitu kimoja. Usiache chuo. Ukirudi na nusu ya cheti, asubuhi zangu zote nitakuwa nimeshona hewa kweli. Mwaka ujao naweza kurudia darasa. Meno hayarudiwi.

Nimeandika haya yote bila kusimama. Mguu unaniuma kidogo, wa kulia.

Mdogo wako.


Jumapili, 6 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii sijaituma shuleni. Naituma kwenye geti la kiwanda cha mikate, kwa jina la Baba, maana Baba ndiye mtu pekee wa nyumba hiyo ambaye nina hakika anafika anakotakiwa kufika. Nimemwandikia na yeye ukurasa wake. Asome kwanza wa kwake.

Utakumbuka mwezi wa pili nilikuambia kengele ya chakula imelia. Haikulia. Ilikuwa saa nane mchana na tulikuwa tumeshakula. Niliona ile Jumanne yako na mawimbi yako, nikaelewa, nikakunja karatasi.

Na kile chumba chenye pazia la manjano ni chumba cha watoto. Ni cha wanafunzi wa chuo wenye watoto. Asubuhi unampeleka, jioni unamchukua, analala nawe bwenini. Wiki ya kwanza mlezi wa pale aliniuliza, "Wako ana umri gani?" Nikamjibu, "Wangu yuko nyumbani, ana ratiba." Akacheka, akaniambia nafasi ipo nikibadili mawazo. Ndiyo maana nazungukia jikoni.

Sikumleta kwa sababu niliogopa kuamka. Nadhani huwezi kujua, na nakuombea usijue mapema, mtu anavyokuwa baada ya miezi minane ya kukatwakatwa usingizi. Nilikuwa nikisimama kwenye mlango wa chumba nisijue nilikuwa naingia au natoka. Nilipofika hapa nikalala usiku mmoja mzima, nikajiambia: acha, wako wanne kule, wana mikono minane. Nikaendelea kujiambia hivyo hata nilipojua kwamba miguu inayofanya kazi ni miwili, na ni ya nani.

Kila usiku niliolala mimi ulikatwa kwenye asubuhi zako. Sitaki unijibu kwamba haidhuru.

Nitakuja Jumamosi tarehe 19 kumchukua. Jumatatu tarehe 21 nataka uwe dawatini. Cherehani sina, lakini karakanani kuna mota ya kung'arishia meno na chumba cha watoto kimepakana nayo ukuta kwa ukuta. Nimesimama pale juzi, mara ya kwanza, nikasikiliza. Sauti si ile ile. Nimeomba tujaribu.

Ibandue ratiba, nikija nipe. Usiikunje.

Dada yako.


Jumatano, 30 Mei
Saa nne na robo asubuhi
Darasani, dawati la tatu kutoka dirishani

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mapumziko ni ya dakika ishirini na nimejiwekea kumi na tano za kukuandikia.

Ulipoondoka na Mkaguzi mgongoni alinitazama mpaka basi likapinda kona. Sijui alikuwa anakagua nini. Jioni ile Bibi alikaa na jino la punda mkononi akasema nyumba imekuwa kubwa kama ghala. Mama alirudi kutoka dukani, akatazama nyuma ya mlango pale ratiba ilipokuwa. Kuna mraba mweupe sasa. Akaupapasa kwa kiganja. Usiku wa Jumapili alinipigia pasi sare yangu mara mbili, ya pili ikiwa imeshanyooka, kisha akasema akiwa amenipa mgongo, "Ningekuambia mwenyewe. Kila jioni nilisema kesho." Nikamwambia najua. Nafikiri najua.

Jumatatu ile ya tarehe 21 Baba alitoka lindo moja kwa moja hadi shule, na sare yake ya ulinzi, na tochi kiunoni. Mimi nilitaka kuingia peke yangu, akanishika bega. Mwalimu mkuu akauliza, "Mzee, binti huyu alikuwa wapi miezi mitatu?" Baba akajibu, "Alikuwa ananilaza mimi."

Mwalimu mkuu akadhani hakusikia vizuri. Baba akaeleza yote, polepole, ubao, kapu, cherehani, geti la kiwanda. Sikujua kama anajua. Kumbe siku zote alikuwa macho upande wa pili, anaisikia ile cherehani isiyoshona kitu. Alisema, "Nilikuwa nasema moyoni, nikiamka nitamkataza. Halafu sauti yenyewe inanichukua."

Mwalimu mkuu akatoa fomu, akaanza kuandika. Nilipogeuka, Baba alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, tochi mapajani. Niliona haya nikataka kumgusa. Mwalimu mkuu akanyanyua kalamu akaninong'oneza, "Mwache. Nitaandika taratibu."

Jina langu limekwenda jana. Karani amenionyesha orodha, niko kati ya Redio na mtu mwingine ambaye simjui. Nina deni la madaftari saba ya kunakili. Bayolojia naijua kuliko mwalimu, ila jana aliuliza swali na sikuinua mkono. Leo nitajaribu.

Niambie habari za mota. Niambie ukweli, hata kama hajalala hata kidogo. Andika saa.

Utaona mwandiko wangu bado una mawimbi. Usihesabu siku, leo niko ninapotakiwa kuwa. Ni kwamba siwezi kusoma wala kuandika miguu ikiwa imetulia. Nikifungua kitabu tu inaanza yenyewe chini ya dawati, ule wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, na dawati zima linatikisika. Hivi sasa Redio ameweka kalamu chini, ameegemeza kichwa kwenye mikono yake, anasema, "Kamusi, acha kushona."

Namwambia naacha.

Dakika ya nne hii. Amefumba macho.